Daipa ya mtoto wako inaishia wapi? Hesabu ya mzazi kijana wa Kisii na Nyamira

Siku mvua kubwa imenyesha mjini Kisii, hebu simama kidogo kwenye daraja la mto Nyakomisaro utazame kinachopita. Chupa za soda utaziona, hizo tumeshazizoea. Halafu kitapita kitu cheupe kilichovimba kama mkate uliolowa, kimekunjwa na kufungwa kwa utepe wake, kinazunguka mara mbili kwenye povu, kisha kinaendelea na safari. Hiyo ni daipa. Mwenyewe aliifunga vizuri kabisa, akaitupa usiku, akaenda kulala.

Nyakomisaro unamwaga maji yake Riana, Riana unaingia Gucha, ule ambao majirani zetu Waluo huuita Kuja, na Kuja hauna breki hadi Ziwa Victoria. Njiani kuna watu wanaochota maji ya kupikia, ng'ombe wanaokunywa na watoto wanaoogelea. Gucha wenyewe unaanzia juu huko Kiabonyoru, Nyamira. Kwa hivyo usidhani hii ni stori ya watu wa mjini pekee.

Sasa wewe una miaka 23, au 25, au 28. Umepanga chumba kimoja Mwembe ama Jogoo, au uko Nyamira mjini, au Keroka pale mpakani. Mtoto amekuja. Alipangwa, hakupangwa, hayo ni yenu. Kwenye simu, TikTok inakuletea mama mmoja mwenye jikoni ya marumaru akionyesha nepi za rangi zenye vibonye, na anasema wanaotumia daipa wanaua dunia. Shosho naye anakukumbusha kwamba wewe ulilelewa kwa nepi nyeupe na pini, na hukufa. Na kwa kibanda cha mama mboga, daipa inauzwa moja moja, kama sigara. Utafuata nani?

Nikuambie msimamo wangu mapema ndio usome ukijua. Nepi iliyo rafiki kwa mazingira huichagui kwa kutazama picha ya jani la kijani kwenye pakiti. Unaichagua kwa kujiuliza maji yako yanatoka wapi, nguo zako hukauka vipi, na uchafu wako unaishia wapi. Mama wa TikTok ana majibu yake. Ya Kisii na Nyamira ni tofauti.

Kwanza ujue unachonunua. Daipa ya kutupa, ile sisi sote tunaiita Pampers hata kama ni ya kampuni nyingine, si karatasi. Tabaka linalogusa ngozi ya mtoto ni plastiki laini. La nje linalozuia maji ni plastiki pia. Katikati kuna nyuzi za mbao zilizosagwa, zimechanganywa na punje za kemikali inayofyonza maji na kugeuka jeli. Ukiipasua daipa iliyojaa utaiona hiyo jeli. Pampers ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, kwa hivyo hata ile ya kwanza kabisa duniani bado haijafikisha miaka 70. Wataalamu wanaposema daipa huchukua mamia ya miaka kuoza, hayo ni makadirio tu, maana hakuna binadamu aliyewahi kukaa akaiona moja ikiisha.

Na hapa kuna kichekesho cha sheria zetu. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, juala la plastiki ni haramu Kenya, na faini yake inaweza kufika Sh4 milioni. Ila plastiki hiyohiyo ukiishona ikawa daipa, unaiuza bila wasiwasi. Serikali ilijaribu kuigusa mara moja. Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Ndani yake kulikuwa na ada ya mazingira, na daipa zilikuwa kwenye orodha kwa Sh150 kwa kila kilo. Kelele zilipopanda, wabunge walitangaza kwamba zile zinazotengenezwa nchini hazitaguswa, na mwishowe mswada wote ukaondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge. Nilifurahi kama wewe. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumkamua mama wa chumba kimoja kwa jina la mazingira huku gari la taka halipiti kwake. Ila swali lenyewe lilibaki palepale: hizi daipa zinaenda wapi?

Kwetu zinaenda mahali pa aina nne, na hakuna hata pamoja pazuri. Ukibahatika na gari la taka, zinafika kwenye jaa kama lile la Nyambera ambalo wakazi wamelilalamikia kwa miaka mingi, na huko mbwa huzirarua. Usipobahatika, kuna mto. Kuna shimo nyuma ya nyumba. Na kuna choo.

Choo ndicho kinaudhi watu wa ploti zaidi. Choo cha shimo kinajengwa kikitarajiwa kudumu miaka, kwa sababu kinyesi huoza na maji hunywea ardhini. Daipa haiozi, hainywei, tena inavimba. Familia nne zenye watoto zikitupa humo kila siku, shimo linajaa kabla ya wakati, na gari la kunyonya likija, mpira unaziba. Landilodi anapandisha kodi, nyinyi mnamlaani landilodi.

Shimo la nyuma ya nyumba nalo lilikuwa sawa enzi za babu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Mashamba yamegawanywa hadi mengine ni ya kupanda mistari michache ya managu na migomba mitano. Ukichimba shimo la daipa leo, baada ya miaka miwili unalima hapohapo, na jembe linaibua jeli.

Kuchoma? Wengi hawachomi, na si uvivu. Kuna imani inayosikika sehemu nyingi za Afrika kwamba ukichoma choo cha mtoto, mtoto mwenyewe atapata vipele au maumivu ya kuungua makalioni. Usiicheke sana, kwani mzazi wa mtoto wa kwanza hataki kubahatisha. Na hata bila imani hiyo, daipa iliyolowa haishiki moto vizuri. Inafuka moshi wa plastiki ambao jirani anaumeza. Kwa hivyo watu hungoja giza.

Keroka kuna la ziada. Kaunti mbili zimevutana miaka na mikaka kuhusu nani akusanye ushuru wa soko lile. Sijasikia zikivutana kuhusu nani akusanye daipa.

Basi unasema, wacha ninunue zile za kuoza, za mianzi. Subiri kidogo. Daipa nyingi za "mianzi" zina kitambaa cha mianzi pale juu tu, huku ndani mna jeli ileile na nje mna plastiki. Mianzi yenyewe imepitia kemikali nyingi kabla ya kuwa laini hivyo. Na hata ile ambayo kweli inaweza kuoza, inaoza kwenye mtambo wa mboji wenye joto na unyevu wa kupimwa. Ikitupwa jaa la kawaida imebanwa chini ya taka nyingine bila hewa, inakaa. Ikiingia mtoni, inasafiri kama dada zake. Pakiti ikikuambia "inaoza", iulize inaoza wapi. Maneno kama "bila klorini" au "bila manukato" yana maana kwa ngozi ya mtoto, sawa, lakini hayasemi lolote kuhusu kuoza. Ukizilipia bei mara mbili halafu ukazitupa palepale, umenunua dhamiri safi, basi.

Tuje kwa nepi za kufua. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake pale Gigiri, lilitoa ripoti mwaka 2021 likilinganisha tafiti za nchi mbalimbali, na mwaka 2023 serikali ya Uingereza ikachapisha yake. Kwa jumla nepi za kufua zilikuwa na madhara madogo. Ule utafiti wa Uingereza ulikuta zinachangia joto la dunia kwa robo hivi chini ya daipa za kutupa. Kinachozirudisha nyuma ni umeme wa mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia. Wewe huna mashine ya kukaushia. Una kamba na jua. Kwa hilo unampita Mwingereza bila hata kujaribu, mradi usichemshe maji kwa gunia la makaa kila wiki.

Tatizo ni kwamba jua la Kisii halina adabu. Unaanika saa nne, saa nane wingu limetanda. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na Aprili unaweza kumaliza siku tatu nepi bado ina unyevu na harufu ya uvundo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wanarudi kibandani kwa mama mboga. Na mara nyingi wamekata tamaa kwa sababu walinunua nepi isiyofaa hali ya hewa yetu.

Zile za kisasa zenye pedi nene zilizoshonewa ndani kabisa ni nzuri kwa mtu wa Lodwar. Kwa Nyamira, hiyo pedi itakauka Krismasi. Chukua zile ambazo pedi inatoka, uanike vipande mbalimbali. Pedi za nyuzi laini za polista hukauka haraka, ila zisiguse ngozi ya mtoto moja kwa moja, maana zinafyonza hadi unyevu wa ngozi yenyewe. Za pamba na mianzi zinafyonza zaidi lakini hukauka polepole.

Na hapa, pole kwa TikTok, shosho anashinda. Ile nepi ya mraba ya tabaka moja, unayoikunja mwenyewe, ndiyo inayofaa zaidi nyanda hizi. Ukiikunja ni nene, ukiikunjua ni nyembamba kama leso, inakauka hata kwa upepo wa barazani. Juu yake unamvalisha mtoto kifuniko kisichopitisha maji. Kweli, hicho kifuniko kina plastiki pia, tusidanganyane. Lakini ni vinne vitano kwa miaka miwili, si elfu nne. Nepi zenyewe unahitaji ishirini na zaidi kidogo ili msimu wa mvua usikuaibishe. Huna pesa? Nenda Daraja Mbili siku ya soko, tafuta mashuka na tisheti za pamba za mitumba, ukate miraba ya sentimita 70 hivi. Dondosha tone la maji kabla ya kulipa: likinywea mara moja, hiyo ni pamba, likikaa juu kama shanga, rudisha.

Sasa pesa, maana najua ndiyo umekuwa ukingoja. Chukulia daipa moja ni Sh20, na mtoto anatumia tano kwa siku. Hiyo ni Sh100 kwa siku, Sh3,000 kwa mwezi. Kwa miezi 30, Sh90,000, na daipa 4,500. Ukilipa shilingi ishirini ishirini huwezi kuiona hiyo elfu tisini, na ndiyo maana inauzwa moja moja. Upande wa pili, kufua nepi za siku kwa mkono kunahitaji mitungi miwili hivi ya lita 20. Kama mfereji wa ploti umekauka na unanunua mtungi kwa Sh20, hiyo ni Sh1,200 kwa mwezi, bado sabuni. Weka bei za kwenu. Bado unaokoa, ila si kama unavyoahidiwa mtandaoni, na anayekuambia nepi ni bure hajawahi kubeba mtungi akipanda mlima wa Nyanchwa.

Lakini ile mvua inayokunyima jua ina deni lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya mabati ni lita moja. Paa dogo la mita sita kwa tano ni mita mraba 30. Kwa milimita 1,500, paa hilo linapokea lita 45,000 kwa mwaka. Tuseme theluthi inamwagika. Bado una lita 30,000, na nepi zako kwa lita 40 kwa siku zinahitaji kama 15,000. Tatizo la ploti nyingi ni gata na tangi. Hilo ni jambo la wapangaji kumkalia landilodi pamoja, na lina maana kuliko kubishana nani ameacha taa ya choo ikiwaka.

Nikirudi kwa mtoto mwenyewe. Daipa ya kutupa inahisi kavu kwa muda mrefu, na bei inakushawishi uibanie: imevaliwa asubuhi, itatolewa jioni. Huo ndio mwanzo wa vipele vingi. Nepi ya kitambaa haikuruhusu uzembe huo, mtoto akilowa utajua, atakuambia kwa sauti. Badilisha kila ikilowa, mpanguse kwa maji, muache makalio yapigwe na hewa kidogo.

Kuna pia uongo wa zamani kwamba choo cha mtoto mchanga si kichafu. Kina viini vya kuhara kama cha mtu mzima. Kwa hivyo iwe ni nepi au daipa, kinyesi kinamwagwa chooni kwanza. Ndiyo, hata daipa. Pakiti nyingi zimeandika hivyo, ni vile hatusomi. Nepi suuza kwa maji baridi, kisha ifue kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto kiasi, usuuze hadi povu liishe, uanike juani. Usiweke ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri, inaziba nyuzi na nepi inaacha kufyonza. Na usiache ndoo ya nepi imelowekwa sakafuni na mtoto anatambaa. Maji kidogo tu yanatosha kumzamisha. Maji machafu ya kufulia usiyapeleke mtoni, la sivyo umerudi palepale darajani.

Halafu kuna njia ambayo haiuzwi dukani. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya: mama zao walianza kuwazoesha watoto haja wakiwa na wiki chache tu, na wengi wao walikuwa hawajiloweshi ovyo wakifika miezi mitano au sita. Wazungu walishangaa. Shosho wako hashangai. Anajua mtoto akitoka usingizini tu, au akimaliza kunyonya, unamshika juu ya bakuli na kumpigia "psss". Huwezi kufanya hivyo ukiwa kazini siku nzima. Lakini asubuhi na jioni ukimshika, umeokoa nepi mbili, na nepi ambayo haikuchafuka haihitaji maji wala jaa.

Sikuambii uache daipa kabisa. Mchuma chai wa Kebirigo aliyefunga mtoto mgongoni tangu saa kumi na mbili asubuhi hana pa kubadilishia nepi. Ukipanda matatu ya Kisii kwenda Nairobi, valisha daipa na usiombe msamaha kwa mtu. Usiku pia, kama kila mtu atalala, sawa. Kituo cha kulea watoto kikikataa nepi, hutafukuzwa kazi kwa ajili ya msimamo. Nepi mchana nyumbani, daipa usiku na safarini: ukishuka kutoka tano kwa siku hadi moja, umeondoa zaidi ya daipa 3,500 njiani, na umebaki na karibu Sh2,400 kila mwezi kabla ya maji na sabuni. Hiyo moja iliyobaki unaweza kuimwaga, kuikunja, kuiweka kando na maganda ya ndizi, na kuingoja siku ya gari la taka. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inakutaka utenganishe taka zinazooza na zisizooza. Kukusanya ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba, na diwani wako ana simu.

Limebaki swali ambalo pakiti haliulizi na TikTok inaliruka. Nani atafua?

Kwa sababu mara nyingi "tumeamua kutumia nepi" maana yake ni mwanamke mmoja wa miaka 22, wiki tatu baada ya kujifungua, mshono bado unauma, ameinama kwenye beseni. Mwanamume aliyeamua naye yuko stejini na bodaboda, au yuko kwenye kochi. Mimi naona kama ni hivyo, afadhali mnunue daipa na mnyamaze kuhusu mazingira. Mpango wa nepi usiokuwa na mikono ya baba hauishi zaidi ya mvua ya kwanza. Baba, hakuna mila ya Wakisii itakayobomoka ukionekana kwenye kamba ya ploti umeshika nepi ishirini na vibanio. Majirani watacheka siku mbili. Ya tatu watauliza umenunua wapi.

Kaeni basi leo jioni mgawane: nani anachota maji, nani anafua, nani anaanika kabla ya kutoka. Na mtu mmoja awe ndiye wa kutazama juu. Saa nane wingu likianza kutanda upande wa Manga, aache simu, atoke akaanue.